Barkodi ya 620 na shelfu la "Bidhaa za Nyumbani": jibu kwa dada mwenye duka Kihonda

Dada mmoja wa Kihonda, Morogoro, kaniandikia hivi:

"Kaka habari za kazi. Mimi nina kaduka hapa Kihonda, nauza vitenge, khanga, viatu kidogo na mahitaji ya nyumbani, ngano, mafuta, sukari. Wateja siku hizi wanauliza sana kipi cha Tanzania, nikaamua kutenga shelfu moja nikabandika BIDHAA ZA NYUMBANI. Kijana anayeniletea mzigo kutoka Kariakoo aliniambia ni rahisi, barkodi ikianza na 620 ni ya kwetu, ikianza na namba nyingine ni ya nje. Juzi mteja kanibishia mbele za watu, anasema ngano na mafuta niliyopanga pale ni ya nje. Halafu nina vitenge vimeandikwa Made in Holland na nanunua jumla elfu kumi na mbili yadi sita. Nieleweshe nisiaibike tena."

Dada yangu, kazi njema tu, pole na huyo mteja. Nianze na la barkodi maana ndo lililokuponza. Kijana wako kakudanganya, na nina uhakika na yeye kadanganywa, hii habari ya 620 imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka watu wazima wenye digrii wanaiamini. 620 maana yake ni kwamba mwenye ile bidhaa alichukua namba yake kwa shirika la barkodi la hapa kwetu, GS1 Tanzania. Basi. Haisemi kitu kilitengenezwa wapi. Fikiria laini ya simu, wewe una laini inayoanza na 255 sawa, ukiwa Guangzhou unafunga mzigo bado inasoma 255, mtu akiona namba yako hawezi kujua umesimama wapi. Barkodi nayo ni hivohivo, inakwambia laini ilisajiliwa wapi.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kusajili kampuni yake Dar, akapata 620 yake halali kabisa, akatuma mchoro wa boksi China kwa WhatsApp, kiwanda cha kule kikatengeneza tochi na boksi lake na 620 imeshachapwa juu, kontena likashuka bandarini hivohivo. Hakuna alichovunja hapo kama hajaandika uongo mwingine. Na kinyume chake kipo pia. Kabla hii GS1 ya kwetu haijaanza, yaani kabla ya kama 2011 hivi, viwanda vingi vya Tanzania vilikuwa vinaenda kuomba namba Kenya au Afrika Kusini, na kampuni ikishazoea namba yake haibadilishi kirahisi maana imo kwenye mifumo ya masupamaketi yote inayowauzia. Ndo maana unaweza ukakuta kitu cha Watanzania watupu kina 616, ambayo ni ya Kenya, au 600, ambayo ni ya Afrika Kusini. Ukifuata ile kanuni ya kijana wako utakitupa nje ya shelfu lako na utaweka tochi ya Guangzhou. Zile nyingine unazoweza kukutana nazo dukani ni 690 mpaka 699 za China na 890 ya India, na kama umewahi kununua nyama au jibini ya kupimwa supamaketi ukaona namba inaanza na 2, hiyo wamejichapia wenyewe pale dukani kwa matumizi yao, haina nchi kabisa. Vitabu navyo vinaanza na 978, kiwe kimechapwa Dar au Delhi.

Sasa uangalie nini. Angalia neno lililoandikwa kabla ya jina la nchi. Watu wengi macho yanakimbilia TANZANIA yenye herufi kubwa, bendera ya pembeni na twiga wa kuchora, wakati habari yote iko kwenye kale kaneno ka mbele. "Made in Tanzania" au "Product of Tanzania" ni madai kwamba kitu kimetengenezwa au kimezaliwa hapa. "Packed in Tanzania" maana yake kimefungashwa hapa, na kufungasha ni kufungasha tu, mtu kamwaga kutoka gunia kubwa akatia kwenye pakiti. "Assembled" vipande vimekuja vimeungwa hapa. Halafu kuna yale maneno ya ujanja ambayo hayasemi nchi ya kutengenezwa hata kidogo lakini yanaweka anuani ya Dar pale chini ili jicho lako lijimalizie lenyewe: "Distributed by", "Marketed by", "Manufactured for". Hilo la mwisho soma polepole, ni FOR, siyo BY. Kimetengenezwa kwa ajili ya kampuni ya Dar, aliyekitengeneza hatajwi. Ukiona bidhaa ina anuani ya msambazaji tu na hakuna mahali imetaja aliyetengeneza, mimi huwa nachukulia kwamba imetoka nje mpaka nithibitishiwe, na mara nyingi sijakosea.

Kuna na "Made in PRC". Niliwahi kumkuta mama mmoja Kariakoo anawaambia wateja eti PRC ni kampuni ya Ulaya. Mama, PRC ni China, ni kifupi cha jina lao kamili la nchi. Wanaoandika hivo wanajua wanachofanya.

Vidokezo vingine viko kwenye mabaki ya maandishi ambayo hakuna anayeyafikiria. Bidhaa ya India inakuwa na MRP na alama ya rupia, ndo bei ya juu ya kuuzia kule kwao, wakati mwingine mtu kabandika stika yake ya Kiswahili juu lakini MRP imechungulia kwa nyuma. Kiwanda cha hapa kawaida kinaandika S.L.P. na mji, na kikiwa kimenyooka kinataja hadi eneo, Mikocheni, Njiro, Kingolwira. Anuani kamili ya kiwanda kwangu mimi ina uzito kuliko bendera ishirini.

Hii shughuli ya kuandika nchi kwenye bidhaa wenyewe walioianzisha waliianzisha kwa ugomvi, nikupe kidogo tu. Waingereza miaka ya 1880 walikuwa wanalalamika visu vya Wajerumani wa Solingen vinauzwa vimegongwa majina kama ya Sheffield, mji wao wa visu, bei rahisi, ubora wa kubahatisha. Wakatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, kwamba mali ya nje isijifanye ya Kiingereza, kama ni ya Ujerumani iandikwe Ujerumani. Lengo lilikuwa kuwaaibisha. Wajerumani wakakaza ubora, na leo mtu akiona Made in Germany kwenye mashine anaongeza hela. Sisi tuna ya kwetu ya mwaka 1963, Sheria ya Alama za Bidhaa, na wanaoisimamia siku hizi ni Tume ya Ushindani, FCC, walewale unaosikia wameteketeza mzigo wa feki. Hii ishike maana nitairudia nikifika kwenye vitenge vyako.

Sasa swali gumu. Kitu kikiwa na soli ya China, ngozi ya Dodoma, gundi ya sijui wapi, kikashonwa Moshi, ni cha wapi? Mimi kabla sijaanza kuwasaidia wajasiriamali mambo ya lebo nilikuwa wakala wa forodha mpakani, na kule hili swali lina hela, maana ndani ya Afrika Mashariki bidhaa yenye asili ya kwetu inavuka bila ushuru na ya nje inalipa. Kanuni za uasili wa bidhaa za Jumuiya, zile za 2015, zinaangalia mambo kadhaa kulingana na aina ya bidhaa. Kama kitu kimezaliwa, kimelimwa au kimevuliwa hapa hakuna ubishi. Kama kina vitu vya nje ndani yake, kwa bidhaa nyingi kipimo ni kwamba thamani ya hivyo vya nje isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani.

Tuseme kiatu kinatoka kiwandani kwa elfu arobaini. Soli, gundi, uzi na vishikizo vya nje jumla ni elfu kumi na nane. Hiyo ni asilimia 45, kiatu ni cha kwetu, vuka nacho Namanga bila wasiwasi. Ila kanuni haziishii kwenye hesabu. Kuna kazi ambazo hata ukizifanya mwaka mzima hazigeuzi asili ya kitu: kufungasha, kubandika lebo, kupanga kwa saizi, kuchanganya kirahisi, kukaza skrubu. Tochi iliyokuja imekamilika ukaitia betri na boksi la Kiswahili bado ni ya kulekule ilikotoka.

Mwaka wangu wa kwanza pale mpakani nililijua hili kwa aibu kama yako. Mteja mmoja alinipa kazi ya kuvusha mchele kwenda Kenya, magunia mazuri yamechapwa jina la Kiswahili na picha ya mashuke, karatasi zimekamilika, mimi kijana nina haraka nikamtetea kwa afisa kwa mdomo wote. Yule afisa wala hakubishana, alichukua kisu akapasua mshono wa gunia moja la katikati, akaingiza mkono akavuta kilichokuwa ndani, kumbe kulikuwa na gunia ndani ya gunia, la ndani lina maandishi ya Kiurdu na basmati wa Pakistani. Hawakuwa hata na muda wa kuumwaga, waliuvisha shati jipya tu. Sababu inaeleweka, mchele wa nje ushuru wake ni mkubwa na wa Tanzania unavuka bure. Tangu siku hiyo nikipewa mzigo naanza kupasua mwenyewe.

Alafu ukitaka kujua kwanini bidhaa nyingi za kwetu ni za kumalizia tu hapa, angalia ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulivyopangwa: malighafi kwa kawaida sifuri, bidhaa ya katikati asilimia 10, bidhaa iliyokamilika asilimia 25, na tangu 2022 kuna zinazolipa asilimia 35. Mwenye hela anapiga hesabu. Kuleta kitu kimekamilika kunamuuma, kuleta malighafi akamalizia hapa anapata nafuu, anaajiri watu, anaandika Made in Tanzania bila kusema uongo. Huo ndo ulikuwa mpango wenyewe, siyo ujanja.

Turudi kwenye shelfu lako na yule mbishi. Kwenye ngano alikuwa na nusu ya ukweli. Ngano inayolimwa Tanzania haitoshi hata kidogo, sehemu kubwa ya ngano inayosagwa kwenye vinu vikubwa vya Dar inashuka na meli. Lakini unga umesagwa hapa, na kusaga siyo kubandika lebo, ni kiwanda kizima, ni umeme, ni mafundi na wapakiaji. Kwa hiyo unga ni wa hapa, punje si ya hapa. Ungemwambia hivo angenyamaza. Mimi ningeuacha kwenye shelfu ila nisingeuandika zaidi ya ulivyo.

Kwenye mafuta alikuwa na ukweli mwingi zaidi. Chukua lile dumu lako uligeuze nyuma usome viungo. Yakiwa yameandikwa palm olein au "mafuta ya mboga" tu bila kutaja mmea, hayo mara nyingi ni mawese yaliyokuja ghafi kutoka Malaysia au Indonesia yakasafishwa Dar. Tena yamesafishwa hapa kweli, lakini mtu anayeuliza mafuta ya Tanzania anachokitaka kichwani mwake ni alizeti ya Singida na Dodoma, na wewe uko Morogoro, barabara ya Dodoma inapita mlangoni kwako, huna kisingizio. Weka alizeti.

Ila na alizeti za njiani ziangalie, maana kuna wajanja wanachanganya na mawese. Kuna kipimo cha jikoni ambacho mimi nakitumia nyumbani: mimina nusu glasi, weka kwenye friji upande wa kawaida siyo kwenye barafu, iache usiku kucha. Asubuhi alizeti inakuwa bado inamiminika, ile isiyosafishwa sana inaweza kuwa na kaukungu kidogo chini, hiyo isikutishe. Yenye mawese utaikuta imeganda weupe mzito kama samli. Mke wangu siku ya kwanza aliikuta ile glasi akadhani nimeweka mafuta ya kujipaka. Kipimo hiki hakitakwambia imetoka Singida au wapi, kitakwambia tu kama kilichomo ndicho kilichoandikwa, na hiyo ni hatua.

Sukari ndo rahisi kwako kuliko mtu yeyote nchi hii. Kilombero na Mtibwa zote ziko mkoani kwako. Sukari ya viwanda vyetu miwa yake ni ya hapa, kazi ni ya hapa, hakuna mbishi atakayeigusa. Cha kuangalia ni ule msimu ambao sukari inapungua na inaagizwa ya nje, hapo soma mfuko wenyewe, usisome bei wala mazoea. Na kama unanunua kiroba kilichofunguliwa ukapima kilo kilo kwenye mifuko yako, kata ule upande wenye maandishi uuhifadhi, mteja akiuliza unamwonesha.

Kuna kitu nakuomba usikichanganye, nembo ya TBS, Shirika la Viwango. Watu wanaiona wanasema hiki cha kwetu. Ile ni alama ya ubora, kwamba bidhaa imekidhi kiwango, na hata chakula na vipodozi, ambavyo zamani vilikuwa kwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, tangu 2019 viko kwa TBS. Ni nembo ya kuitafuta sana, ila swali inalojibu ni "ni salama?", siyo "ni ya wapi?". Wenzetu Kenya wamejaribu kutenganisha, kitu kilichotengenezwa kule kinabeba alama ya KEBS, shirika lao la viwango, ya bidhaa za ndani na kilichoagizwa kinabandikwa stika yake ya bidhaa za nje, ukizijua zote mbili unasoma haraka. Na kama kuna akina mama hapo Kihonda wanakuletea sabuni au asali nzuri lakini haina nembo, waambie waende SIDO mkoa, shirika la viwanda vidogo, mjasiriamali mdogo akipitia pale anasaidiwa njia ya TBS, asiogope kwamba ni ya matajiri.

La mwenye kampuni nalo nitaligusa kwa kifupi maana kuna mteja atakuja nalo. Bia ya Kilimanjaro na Konyagi zinatengenezwa hapa, shayiri nyingine inalimwa hapa Kaskazini, lakini kampuni mama ni AB InBev ya Ubelgiji. Vigae vya Twyford unavyoona kila nyumba mpya inapigwa, kiwanda kiko Chalinze, wenye mali ni Wachina, na jina hilohilo la vigae linatengenezwa pia Kenya, kwa hiyo hata jina halikutoshi, lazima usome boksi. Je ni vya kwetu? Mimi nasema kigae cha Chalinze ni cha Tanzania, vijana wa Pwani wanalipwa pale kila mwisho wa mwezi. Mwingine anasema faida inaondoka. Wote wanaongea ukweli, wanaulizana maswali mawili tofauti. Lebo inajibu la kwanza tu, la pili itabidi mtu akatafute kwingine.

Haya, vitenge. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye hatari yako.

Kitenge cha wax, yaani nta, cha Uholanzi kipo kweli, kiwanda kinaitwa Vlisco, kiko mji wa Helmond tangu 1846, na chenyewe walianza kwa kuiga batiki za Wajava wa Indonesia wapate kuwauzia haohao Wajava. Yadi sita za Vlisco halisi ni laki na zaidi. Wewe unanunua elfu kumi na mbili. Dada, hapo hata kufungua huhitaji, bei imeshakwambia.

Lakini fungua tu tujifunze. Kitandaze mezani ushike ukingo, ule upande wa pembeni wenye kamstari keupe ambako rangi haijafika. Halisi kina jina la kampuni limechapwa pale, VLISCO, herufi zimekaa sawasawa urefu wote wa kitambaa. Vya kuigiza vingi vinakwepa jina hilo, vinaandika maneno ya jumla, "Guaranteed Real Wax", "Super Wax Hollandais", "Made as Holland". Hilo la mwisho nimelisoma mwenyewe kwenye jora, "as Holland", ukiwa na haraka unasoma "in". Kwa hiyo rudi kwenye vyako usome herufi kwa herufi, inawezekana hata havijaandikwa unachodhani.

Halafu geuza upande wa pili. Wax ya kweli rangi imezama pande zote, huwezi kusema mbele ni wapi, na ina vile vimipasuko vyembamba kama nyufa za sahani ya zamani, kila yadi tofauti, maana nta ndo inapasuka kwenye kazi. Cha bei rahisi nyuma kinakuwa kimepauka, na nyufa zikiwepo zimechorwa, ukifuata kwa kidole utakuta ufa uleule unajirudia kila baada ya hatua moja. Mwisho chomoa uzi mmoja uchome na kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Polista inayeyuka, inanuka plastiki, inaacha kapunje kagumu keusi. Mafundi cherehani wote wanajua hii, waulize.

Nikikisia kwa bei na maelezo yako, ulivyonavyo ni vya China, na hakuna dhambi kuviuza. Dhambi ni kuviita vya Uholanzi. Kwenye ile sheria ya alama za bidhaa hata muuzaji wa mwisho mwenye mzigo wenye maelezo ya uongo anaingia matatani, siyo aliyechapa tu, na FCC wakipita hawatamtafuta yule wa Kariakoo, watakukuta wewe na kaduka kako. Kwa hiyo vilivyoandikwa Made in Holland kwa uongo mrudishie aliyekuletea, akikataa achana na kununua kwake. Usijaribu kukata ukingo uuze hivohivo, mteja mjuzi akikuta ukingo umekatwa ndo anajua kabisa kuna jambo.

Unataka kitenge cha Tanzania? Mbona unakifuata Kariakoo wakati Morogoro kuna kiwanda, 21st Century, kile kilichokuwa Polytex zamani, na Dar kuna NIDA. Hivyo ukingoni vinaandika jina la kiwanda na Tanzania, na havikwepi. Urafiki ya Ubungo, iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 1968, wazee watakusimulia vizuri, ukikuta doti ya zamani ya Urafiki kwa bibi mwombe uishike tu, uone pamba ilivyokuwa nzito. Nchi inalima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza, nyingi inachambuliwa inafungwa marobota inapanda meli, halafu inaturudia ikiwa imeshakuwa nguo. Hilo linaniudhi kila mwaka ila siyo swali lako.

Na usiweke kitu kibovu kwenye lile shelfu eti kwa sababu ni cha nyumbani. Kitenge kinachochuja rangi siku ya kwanza kukifua ni kibovu hata kama kimefumwa mtaa wa pili. Mteja akiumia mara moja kwenye shelfu lile, hatalirudia, na atawaambia na wenzake kanisani.

Lile bango kubwa ningelitoa. Badala yake weka vikaratasi chini ya kila kitu kwa mwandiko wako, maneno machache ya kweli. "Sukari, Mtibwa, miwa ya Turiani." "Unga umesagwa Dar, ngano ya nje." "Alizeti ya Singida." "Viatu, ngozi ya hapa, vimeshonwa Moshi, soli ya nje." "Kitenge cha Morogoro." Na kwenye vile vingine, "Kitenge cha China, bei nafuu." Utashangaa, hiyo ya mwisho nayo watanunua, tena bila kubishana na wewe, kwa sababu umewaambia kabla hawajauliza.

Khanga hukuniuliza ila umezitaja, na huko kuna mtego wake. Usihukumu khanga kwa jina. Ule msemo wa Kiswahili pale chini unamfanya kila mtu aone ni ya kwetu, na kweli maneno ni ya kwetu, lakini khanga zenye majina ya Kiswahili zimekuwa zikichapwa India kwa miaka mingi, na wakati fulani hata Uingereza, Uholanzi na Japani walikuwa wanachapa. Wenye duka la Mali ya Abdulla pale Mombasa, walioanza 1887, wanaandika alama yao kwenye khanga zao na watu wanaitafuta alama hiyo, lakini alama ya mwenye duka na mahali ilipochapwa ni vitu viwili. Kwa hiyo usisome jina, wala usisome mji. Nenda kwenye pindo, pembeni kabisa, tafuta maandishi madogo yenye jina la kiwanda, mara nyingi yamekunjwa kwa ndani kwenye doti ambayo haijakatwa. Usipoyaona mwambie wa jumla akufungulie jora palepale kaunta. Akianza kusema ana wateja wengi wanamsubiri, na wewe mwambie unasubiri.